Kaburi Namba 87

3 Oktoba
Nimepata kazi. Mkataba wa miezi mitatu na mradi wa reli, na cheo changu ni karani wa makaburi. Baba aliposikia alicheka mpaka akakohoa, akasema nimesoma miaka yote ile ili nikahesabu wafu. Mama hakucheka.

Mthamini wetu ni mzee Malongo, Msukuma wa Shinyanga mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Amenikabidhi rejesta mpya, kizibao cha njano, na mabuti ya mvua yanayonizidi mguu. Kazi yenyewe ni hii: wapimaji wameshaweka vigingi pande mbili za njia ya reli. Kila kaburi lililo ndani ya vigingi nalipa namba, nalipima, naulizia ni la nani. Mwenyewe akipatikana, mradi unamgharamia amhamishe mtu wake anakotaka. Asipopatikana, halmashauri itamhamishia kwenye kaburi la pamoja.

"Wakaguzi wa wizara watakuja Desemba," aliniambia. "Watafungua ukurasa wowote na kuuliza. Usiandike kitu usichoweza kukisimamia."

Kauntabuku hii ilibaki kwenye boksi la vifaa. Nimeomba, nikapewa. Humu nitaandika ambayo hayaingii kwenye rejesta.

6 Oktoba
Jumapili, nyumbani Nyamiaga. Baada ya misa mama aliniuliza, akiwa anachambua maharage na hanitazami, "Hiyo reri inapita wapi?"

Mama husema reri, baba husema reli, na sijawahi kusikia mmoja akimrekebisha mwenzake.

Nikamwambia inapita Nyamigogo huko Biharamulo, inakuja mpaka huku kwetu, inapita Benaco kuelekea mpakani. Akauliza Benaco upande gani. Nikasema hatujafika, nitajua wiki ijayo. Akaendelea na maharage yake.

Sikumbuki mama kuwahi kukanyaga Benaco. Nguo zetu za shule zilinunuliwa Ngara mjini kwa bei ya juu, na soko la Benaco lipo, bodaboda zipo. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaogopa malori. Nilipokua niliamua kwamba ni majivuno. Mama ni mtu mkavu, hilo namwandikia bila uonevu. Hajawahi kunipiga, na hajawahi kunikumbatia mbele za watu.

9 Oktoba
Mvua. Mabuti yameingia maji. Makaburi kumi na moja, yote yana wenyewe.

14 Oktoba
Nimepanga chumba Benaco, nyuma ya maegesho ya malori ya Kigali na Bujumbura. Leo tumefika kwenye mteremko ulio juu ya bwawa.

Niliambiwa kuna makaburi machache ya wakati wa kambi ya wakimbizi, miaka thelathini iliyopita. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Gidioni, alitutangulia akiwa amevaa koti la suti na ndala, akinuka pombe ya ndizi saa nne asubuhi. Alisimama chini ya mikaratusi akasema, "Yanaanzia hapa." Sikuona kitu. Kisha macho yakazoea, nikaona ardhi imebonyea, shimo dogo baada ya shimo dogo, safu kwa safu, mengine yana mawe, mengine hayana. Nilianza kupiga vigingi vya namba saa nne na nusu. Saa kumi jioni nilikuwa nimefika 140 na safu zilikuwa bado zinaendelea.

Mengi ni mafupi. Napima kwa futi kamba, naandika: mita moja. Mita moja na robo. Sentimita tisini.

15 Oktoba
Yameishia 214. Hayo ni yaliyo ndani ya vigingi vya reli tu. Nje ya vigingi, upande wa juu, mteremko unaendelea na makaburi yanaendelea. Nilimuuliza mzee Malongo kama niyahesabu na hayo. "Ya nje si yetu," alisema.

20 Oktoba
Mama ameuliza tena. "Mmefika mteremko wa juu ya bwawa?"

Nikasema tumefika. Nikamwambia kuhusu mashimo, urefu wake, idadi. Nilieleza kama mtu anayesimulia safari, nikila. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya kahawa. "Na jiwe lipo?" akauliza.

"Jiwe gani?"

"Watu husema kuna jiwe kubwa jeupe."

Lipo. Nilikalia jiwe hilo nikila mihogo. Nikamwambia hivyo. Akamimina kahawa ya baba kikombe kikajaa kikamwagikia sahani, na baba akamwambia polepole, "Consolatha, imetosha."

24 Oktoba
Tangazo la makaburi limebandikwa siku nane tu na wenyewe wameanza kumiminika. Mwanamume anayeitwa Privatus alikuja amebeba bahasha. Anadai kaburi namba 30 hadi 34: babu, bibi, shangazi wawili na mjomba, wote wamelala kwenye mstari ulionyooka. Nikamwuliza bibi yake alifariki mwaka gani. Akataja. Nikamwuliza wakati huo waliishi kitongoji gani. Akatazama mikaratusi kana kwamba jibu limeandikwa majanini. Nilipiga simu tatu. Kwao ni Biharamulo mjini na ukoo wao wote haujawahi kuishi huku. Kumbe amesikia kuna fedha ya pole kwa wenye makaburi.

Niligundua na wengine wanne wa aina hiyo kwa siku moja. Nilimwandikia mzee Malongo taarifa ya kurasa mbili, na sikosei nikisema niliandika vizuri.

26 Oktoba
Mzee Malongo amesoma taarifa yangu mbele ya timu nzima, akasema karani kama huyu ndiye anayetakiwa. Kisha akatoa utaratibu mpya. Kuanzia Jumatatu, anayedai kaburi la mteremko ule alete kitambulisho, barua ya mtendaji wa kijiji, na hati ya kiapo aliyoapa mahakamani, akieleza yeye ni nani, alitoka wapi, na ilikuwaje mtu wake akazikwa pale mwaka ule. Mwisho ni tarehe ishirini na mbili Novemba.

Nilifurahi. Nimeandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi.

2 Novemba
Siku tatu Nyamigogo. Leo mzee Bulugu, mfugaji aliyehamia kutoka Mwanza zamani, amemhamisha mama yake. Sijawahi kuona kitu kama kile. Watoto na wajukuu walikuja na malori mawili. Kabla jembe halijagusa udongo, mzee alipiga magoti kwenye matope akaongea na kaburi kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Nilimwomba mjukuu wake anitafsirie.

"Anamwambia: Ng'washi, mama, usishtuke. Ni mimi. Serikali inapitisha njia ya garimoshi hapa. Tunakusogeza karibu na zizi. Ni karibu, hutachoka."

Baada ya kumzika upya walikula ng'ombe. Nami nilikula. Mzee alitia dole gumba kwenye fomu yangu na kunishukuru, kana kwamba nimemfanyia jambo.

3 Novemba
Niliyasimulia nyumbani wakati wa chakula. Nilipofika pale pa "hutachoka" mama aliinuka akaenda nje, kwenye mvua, bila mtandio. Nilitaka kumfuata, baba akanishika mkono.

"Mwache."

"Kuna nini, baba?"

"Si langu la kusema."

Alirudi baada ya robo saa na kuni. Kuni zilikuwepo ndani.

8 Novemba
Mvua siku nne. Hakuna kazi. Hakuna aliyeleta hati ya kiapo hata mmoja.

11 Novemba
Najaribu kuandika kwa mpangilio.

Saa tano asubuhi nilikuwa mteremkoni nikirudishia vigingi vilivyoangushwa na maji. Bodaboda ilisimama barabarani akashuka mwanamke aliyejifunika kitenge kichwani. Alipanda bila kuuliza njia. Sikumtambua kwa sababu macho yangu hayakumtarajia pale. Alipofika kwenye jiwe jeupe aliligusa kwa kiganja, akaligeuzia mgongo, akaanza kushuka akihesabu. Ndipo nikamtambua kwa sauti.

Alihesabu mpaka arobaini na mbili. Akasimama. Mbele yake kulikuwa na shimo dogo lenye mawe matatu, na kigingi changu, namba 87.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba." Hakuniangalia. "Hapakuwa na miti. Hii miti ni ya nani?"

"Ilipandwa baada ya kambi kufungwa."

"Hii namba ni yako?"

"Ni mwandiko wangu, ndiyo."

Akapiga magoti akaanza kung'oa majani. Aling'oa na kuyapanga pembeni, mafungu mafungu, kama anavyofanya shambani. Kisha akasema, "Umwana wanjye." Mwanangu. Kihangaza chetu kinakaribiana na lugha hiyo ya Kigali, watu hawasikii tofauti. Leo niliisikia. Miaka ishirini na saba nimeishi na mwanamke huyu na sikuwahi kusikia sauti yake yenyewe.

Niliketi kwenye majani mabichi akanieleza. Alivuka daraja la mpakani la Rusumo mwishoni mwa Aprili mwaka ule, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mtoto mgongoni. Mumewe, Habimana, alikufa njiani, na hakusema alikufaje, nami sikuuliza. Mtoto aliitwa Ndizeye. Alikuwa na miaka miwili na nusu, alipenda kushika sikio la mama yake akilala. Julai kambini watu walianza kuhara damu. Aliugua siku nne.

"Nilimzika mwenyewe," alisema. "Wanaume walikuwa wanazika kwa wingi, shimo moja watu wengi. Sikutaka. Nilichimba kwa sahani ya bati. Nikahesabu hatua kutoka kwenye jiwe ili nisimpoteze."

"Baba anajua?"

"Baba yako alikuwa anauza ndizi kambini. Alinikuta hapa hapa. Anajua."

Walipoambiwa warudi kwao, yeye hakurudi. Alifunga ndoa Nyamiaga. Kwenye kila karatasi tangu siku hiyo ameandikwa Consolatha mzaliwa wa Nyamiaga, na hajakanyaga Benaco kwa sababu Benaco kuna watu wanaokumbuka sura.

"Miaka thelathini, mama. Kwa bodaboda ni mwendo mfupi."

"Ningefika mara moja, ningefika kila siku." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Ilimradi alikuwa amelala, sikuwa na shida. Sasa mnamwondoa."

Alisema mnamwondoa. Nilikuwa nimevaa kizibao changu cha njano.

Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa tangu alipoanza kusimulia. "Afanye nini mtu anayetaka kumchukua wake?"

Nikamweleza. Kitambulisho. Barua. Kiapo, aseme yeye ni nani na alitoka wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huko Nyamigogo yule mzee hakuapa."

"Utaratibu wa huku ni mwingine."

"Nani aliuweka?"

Nikamwambia ukweli. Aliitikia kwa kichwa, akainuka, akaniomba nauli ya kurudi kwa sababu hakubeba ya kutosha.

12 Novemba
Bwana Gidioni alinikuta ofisini kwake nikisubiri muhuri. Alifunga mlango. Nilidhani ataomba kitu.

"Jana nilimwona mama yako mteremkoni," alisema. "Ukiniuliza mbele ya watu, sikumwona."

Nimemwandika huyu mtu humu kama mlevi.

"Wako wengi," aliongeza, akigonga muhuri. "Usidhani ni mama yako tu. Wanapita barabarani taratibu, wanatazama juu, wanaendelea na safari."

15 Novemba
Nimemwuliza mzee Malongo kama vile nauliza habari ya mtu baki: anayelijua kaburi la mtu wake lakini hawezi kuapa, afanyeje?

Alifunika kalamu yake. "Hawezi au hataki?"

"Hawezi."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alijua palepale, maana hakuuliza ni nani. "Kiapo nilikiweka kwa taarifa yako, Felisita."

"Najua, mzee."

"Nikikiondoa kwa mmoja, Privatus anarudi na mashangazi zake. Na wakaguzi wakinikuta nimetoa kaburi bila karatasi, watalifuta zoezi zima na kulianza upya na watu wasiojua hata kuongea taratibu." Alifungua tena kalamu yake. "Ninachoweza ni hiki. Kwenye kaburi la pamoja tutawapanga kwa namba zao. Sikuagizwa hivyo, wala sikukatazwa. Anayejua namba ataweza kuhesabu."

Nilishukuru. Nilikwenda nyuma ya lori la Burundi nikalia, na dereva akanipa maji.

17 Novemba
Tumekaa watatu, mezani, mchana wa Jumapili. Mdogo wangu Fideli hayupo. Yuko JKT, anasubiri majina ya jeshi, na fomu zake zimekwenda kuhakikiwa. Kwenye fomu zake mama ni mzaliwa wa Nyamiaga.

"Nikiapa," mama alisema, "watu wa uhamiaji watafika kwa Fideli kabla mvua haijakatika. Na wewe, watakuuliza ulipataje kazi."

Baba alikuwa amejiandaa, nilimwona. Alikuwa amevaa shati la kanisani. "Nitaapa mimi," alisema. "Mimi ni Mhangaza wa hapa, babu yangu kazikwa kwenye migomba hiyo. Nani ataniuliza? Nitasema nilikuwa na mwanamke kambini, tukazaa, mtoto akafa. Nitaona aibu kidogo kwa majirani. Nitaizoea."

Moyo wangu ulinyanyuka. Ni uongo, tena wa kiapo, na mimi ndiye ningeuandika. Nilikuwa tayari. Mimi niliyewafukuza wale watano, nilikuwa tayari kuandika kwa mkono huu.

Mama alimtazama baba kwa upole ambao sijawahi kuuona usoni pake. "Telesfori, asante," alisema. "Lakini ana baba yake."

"Baba yake amekufa."

"Amekufa. Hana kaburi, hana picha, ndugu zake sijui walipo. Kilichobaki ni kwamba alikuwa baba wa Ndizeye. Ukiapa, hata hicho nimemnyang'anya."

"Basi mtoto atakwenda kwenye shimo la wengi," nikasema. "Ulichimba kwa sahani ili asiende huko."

Nilijuta kabla sijamaliza. Mama alikunja kitambaa cha meza mara nne mpaka hakikukunjika tena.

"Ataenda kwa namba yake," alisema. "Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Basi."

22 Novemba
Siku ya mwisho. Nimejaza safu ya "Mwenye kaburi" kwa yote 214. Kwenye 87 nimeandika kama yalivyo mengine: Hajulikani.

27 Novemba
Mvua. Sikwenda kokote.

5 Desemba
Wakaguzi wa wizara wamekuja, watatu, viatu safi. Walifungua ukurasa wa 61, wa 12, wa 90. Walifungua na ule wa namba 81 hadi 90, wakapitisha kidole, wakafunga. Kiongozi wao alisema rejesta ya Ngara ni ya kupigiwa mfano. Mzee Malongo alinitazama, kisha akatazama chini.

10 Desemba
Wamehamishwa. Siku mbili za jua, kwa bahati, udongo haukuporomoka.

Walikuwepo bwana afya, askari mmoja, katekista, vijana kumi wa kuchimba, na mimi mezani na rejesta. Utepe ulizungushwa, watu wakasimama nyuma yake, wengi kuliko nilivyotarajia, na zaidi ni wanawake wa makamo. Hawakuongea. Nilimkumbuka Bwana Gidioni. Mama alikuwa miongoni mwao na kapu la ndizi, kama mtu aliyepita akienda sokoni.

Utaratibu ni kwamba bwana afya anatazama mifupa, anatamka, naandika: mtoto au mtu mzima. Kisha inafungwa kwenye bafta nyeupe na kuwekwa kwenye sanduku. Masanduku yalikuwa ya aina mbili, fupi na refu.

Namba 87 ilifika leo saa nne na dakika kumi. Waliondoa mawe matatu. Walichimba. Niliacha kalamu nikasogea. Bwana afya aliinama, akachukua mfupa wa paja kwa mikono miwili, akaupima kwa macho, na hakuhitaji futi kamba.

"Mtu mzima," alisema.

Nikasema aangalie vizuri. Akaangalia. Akanionyesha meno, magego yamelika. "Mzee kabisa huyu. Andika."

Oktoba nilikuwa nimelipima mita moja na robo; kumbe udongo ulibonyea katikati tu. Arobaini na mbili, hatua za msichana wa miaka ishirini na miwili anayelia, kwenye mteremko usio na miti. Kisha hatua za mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Kati ya namba 80 na 95 kuna watoto sita. Na vigingi vya reli vinaishia mita chache tu juu ya 91. Nje ya hapo si yetu.

Niliandika: 87. Mtu mzima. Niliandika wazi, kwa wino uleule.

Walipopumzika saa sita nilikwenda kwenye utepe. Mama alikuwa ameshika kapu kwa mikono yote miwili.

"Alikuwa mdogo?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Mdogo, mama."

"Nguo ilikuwepo? Nilimfunga kanga ya kijani."

"Nguo zimeoza. Zote zimeoza."

"Alilala upande?"

Sikuwa nimetazama upande. "Wa kulia," nikasema.

Alifumba macho, akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa. Kisha akaniambia nirudi kazini, watu wananitazama.

Wamezikwa saa kumi, kwenye shimo refu karibu na bwawa, kwa namba zao, kama mzee Malongo alivyoahidi. Katekista aliomba kwa Kiswahili. Nyuma ya utepe nilisikia wanawake wakiitikia kwa lugha mbili tatu tofauti, chini chini.

15 Desemba
Baba ananiambia mama analala. Mchana analala, usiku analala, kama mtu aliyetoka hospitali. Amekula. Jana aliimba akiosha vyombo, wimbo ambao baba hakuujua.

"Ulimwambia nini?" baba aliuliza.

"Kwamba ni yeye."

Akanishika bega. Sikumwambia lingine. Sasa najua maana ya "si langu la kusema", ila hili ni langu, na bado sisemi.

18 Desemba
Mzee Malongo ameleta orodha ya mwisho nisaini. Itabandikwa siku saba kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, namba kwa namba, mtoto au mtu mzima. Sheria inataka hivyo, ili mwenye malalamiko ayalete. Nilimwuliza kama safu ya umri inaweza kuachwa.

"Kwa nini?"

Nikamweleza, yote, kwa mara ya kwanza. Alivua miwani. Huyu mtu nilidhani ni karatasi tupu. Alikaa bila miwani, akionekana mzee kuliko umri wake, akasema, "Pole, mwanangu." Kisha akasema, "Siwezi."

"Najua."

Nikasaini. Mama anajua kusoma. Lakini kwa nini aende kusoma? Ameshaambiwa.

21 Desemba
Ameenda kusoma.

Nimefika nyumbani leo, kazi imeisha, nimerudisha mabuti. Mama alikuwa uani anaanua kahawa kabla mvua haijanyesha. Nikamsaidia kukunja turubai. Tulipomaliza alisema, "Jana nilikuwa Benaco. Nimeona ubao."

Nikakaa chini kwenye turubai. Nilianza kusema samahani, akaninyanyulia mkono ninyamaze.

"Siku ile niliona sanduku," alisema. "Lililotoka kwenye yale mawe matatu lilikuwa refu. Nilijua kabla hujafika kwenye utepe."

"Basi kwa nini uliniuliza?"

Alifikiri. Mama hajibu haraka. "Kwa sababu kwa miaka thelathini hakuna mtu niliyemuuliza habari zake. Nilitaka nimuulize mtu, na mtu anijibu."

Mvua ilianza. Hatukuinuka.

"Mwanzoni nilikasirika," aliendelea. "Si kwako. Nilijiambia, miaka yote hii nilikuwa namwombea babu wa watu. Nikienda kulala najiambia amelala chini ya mawe matatu, kumbe ni mzee wa watu." Alipangusa maji usoni. "Kisha nikafikiri, yule mzee naye hakuwa na mtu. Basi si kitu. Alipata."

"Nilikudanganya, mama."

"Mimi ulinidanganya. Ubaoni umeandika kweli. Nilikwenda kuona hilo." Akanivuta kichwa, akakiweka begani kwake, mvua inanyesha, mbele ya jirani aliyekuwa anapita na mbuzi wake. Mabega yake ni mifupa mitupu. Sikuwahi kujua.

22 Desemba
Jumapili. Baada ya misa tumekwenda Benaco wote watatu. Baba alivaa lile shati. Hatukujificha sana, ingawa mama alijifunika kitenge.

Kwanza tulisimama kwenye kaburi la pamoja. Udongo umeanza kutulia, kuna nyufa. Mama hakuhesabu namba. Alitembea kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, akigusa udongo kila baada ya hatua chache, akisema neno lilelile. Huenda Ndizeye ni mmoja wa wale sita.

Kisha akasema twende juu. Baba magoti yanamsumbua, akabaki barabarani. Tulipita katikati ya vigingi, ambako mikaratusi imekwisha kukatwa na udongo umesawazishwa, tukapanda mpaka upande wa pili, nje ya mpaka wa mradi, ambako makaburi hayakuguswa wala hayana namba. Huenda yuko huko.

Alisimama kati ya mashimo hayo, akatazama chini kwenye kaburi la pamoja karibu na bwawa, kisha akatazama udongo miguuni petu. Akaniuliza wataanza lini kutandika reri. Nikasema wanasema mwakani, masika yakipita.

"Na yakishapita magarimoshi, watu wataruhusiwa kuvuka?"

Nikasema sijui. Nikasema nadhani wataweka uzio, na kivuko kitakuwa mbali.

"Basi nitakuwa nazunguka," alisema mama.